Mizani inatosha, mbona maneno yanapinda? Jibu kwa mwalimu wa kwaya

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha kwaya ndogo huku Mbweni, Unguja. Mzee mmoja wa kanisani kwetu, mshairi wa siku nyingi, ametutungia utenzi wa beti 12 juu ya wavuvi wa Galilaya, na Padri angependa tuuimbe siku ya somo hilo. Kila mshororo una mizani 8, na katika kitabu cha nyimbo naona tuni nyingi zimeandikwa 8.8.8.8 pale juu. Nimejaribu kadhaa. Hesabu inatoka sawa, lakini tukiimba maneno yanapinda na wanakwaya wanacheka. Niendelee kutafuta au nitunge tuni yangu? Na nikitunga, naanzia wapi? Mimi nasoma solfa tu, zile herufi za do-re-mi. Beti mbili za mwanzo ni hizi:*

*Tulitweka tanga letu*
*Tukavua peke yetu*
*Usiku kucha si kitu*
*Nyavu tupu, ewe Bwana.*

*Ukatwambia shusheni*
*Nyavu zenu kilindini*
*Tukashusha kwa imani*
*Samaki wakajazana.*

Marahaba, mwanangu. Waache wacheke, masikio yao hayajakosea. Utenzi wa Mzee hauna kasoro na hesabu yako haina kasoro. Ugomvi wote uko kwenye silabi ya nane.

Usiimbe kwanza. Zisome beti hizi kwa sauti, taratibu, kama Mzee mwenyewe anavyozisoma. Mishororo inaanza kila mmoja kivyake: *Tulitweka* mkazo wake uko silabi ya tatu, *Usiku* uko ya pili, *Ukatwambia* unangoja mpaka ya nne, na *Nyavu* umeanza nao. Lakini mwisho wote ni mmoja. Silabi ya saba inavutwa kidogo na kupewa uzito, ya nane inaachiwa ianguke: LE-tu, YE-tu, KI-tu, BWA-na, shu-SHE-ni, ki-li-NDI-ni. Na haiwezi kuwa vyengine, maana neno la Kiswahili mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mshororo lazima uishe kwa neno. Washairi wetu hawahesabu mkazo, wanahesabu mizani na vina, lakini mkazo wa mwisho wa mshororo wanapewa bure na lugha.

Sasa chukua zile tuni zako za 8.8.8.8. Nyingi zilizo katika vitabu vyetu zilitungiwa maneno ya Kiingereza, na mshororo wa Kiingereza wa aina hiyo huanza kwa silabi nyepesi, ya pili nzito, ya tatu nyepesi, hivyo hivyo mpaka ya nane ambayo ni nzito. Tuni nayo imejengwa hivyo hivyo: inaingia kabla ya pigo na inatua kwa kishindo kwenye noti ya nane, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote. Ukiweka maneno ya Mzee humo unapata *tu-LI-twe-KA ta-NGA le-TU*. Silabi nane ziko palepale, na hakuna hata neno moja lililosalimika. Ndicho wanachokicheka.

Ile namba ya juu ya wimbo, basi, inakwambia silabi ni ngapi. Haikwambii uzito uko wapi. Waingereza mara nyingi hawakuona haja ya kuuandika uzito huo kwa sababu sikio lao linajua. Sisi tunahitaji kuiuliza kila tuni swali moja kabla ya kuikaribisha: noti yako ya mwisho inaangukia kwenye pigo au baada ya pigo? Ikianguka kwenye pigo, ishukuru na uirudishe kitabuni.

Utauliza: mbona basi tunaimba nyimbo nyingi zilizopinda hivyo na hatucheki? Tumezizoea tu. Wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walipofika Unguja mwaka 1864 walikuja na tuni zao kifuani, na kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa kuyapata maneno ya Kiswahili ya kuzijaza. Hawakuwa wajinga wa lugha. Askofu Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, alikijua Kiswahili kuliko wengi waliokuja baada yake. Lakini tuni ikitangulia, maneno ndiyo yanayokunjwa. Huko kwenu Mbweni, kwenye lile shamba walilolinunua mwaka 1871 wakawaweka watu waliokombolewa utumwani, vizazi na vizazi vimeimba hivyo na nyimbo hizo zimekuwa zao. Sikushauri uziguse. Wimbo ambao bibi ya mtu aliuimba kitandani mwake hautengenezwi tena. Shauri langu ni la nyimbo mpya tu.

Kuna njia ya mkato, na nakupa kwanza hiyo kwa kuwa huenda siku ya somo iko karibu. Tafuta tuni za 8.7.8.7 zinazoanza kwenye pigo lenyewe. Si zote zinaanza hivyo, kwa hiyo piga makofi uhakikishe. Tuni ya namna hii mshororo wake wa silabi 7 humalizia kwa noti moja ndefu. Ikate noti hiyo vipande viwili vilivyo sawa. Papo hapo 7 imekuwa 8, silabi yako ya saba imekaa juu ya pigo na ya nane imeanguka nyuma yake. Jaribu kwa ile sauti ya Simfonia ya Tisa ya Beethoven ya mwaka 1824, ambayo makanisa mengi yanaiimbia nyimbo:

m m f s, s f m r,
d d r m, m r r.

Ile *r* ya mwisho ni ndefu. Ikate, upate *r r*, na *Tukavua peke yetu* inaingia bila ya kusukumana. Mshororo wa tatu ni kama wa kwanza, na wa nne, ule unaoteremka mpaka *d*, nao unakatwa mwishoni vilevile.

Hata hivyo utaona mambo mawili yanayonifanya niseme ni dawa ya muda. La kwanza: noti ya tano ya mishororo ya pili na ya nne ya tuni hiyo ni ndefu kidogo kuliko jirani zake. Kwenye *peke* ni sawa kabisa, na kwenye *ewe Bwana* ni nzuri hasa. Nenda ubeti wa pili: noti hiyohiyo inaiangukia *ka* ya *wakajazana*, ikaivuta bila sababu. La pili ni kubwa zaidi, nalo wengi hawalioni.

Tuni nyingi za Ulaya za mishororo minne zimegawika mbili mbili. Unaimba miwili, unapumzika kama mtu aliyeuliza swali, unaimba miwili ya jibu. Utenzi haukukatwa hapo. Vina vyake ni vitatu kwa kimoja: *-tu, -tu, -tu*, halafu *-na*. Tena ile *-na* inarudi mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi umalizike. Mawazo nayo yanakwenda na vina. Hawa wavuvi wametweka, wamevua, wamekesha, yote ni pumzi moja, na ndipo wanapofunua mikono: nyavu tupu. Ukiwatua baada ya *peke yetu* unawakatiza maneno. Kwa hiyo tuni ya utenzi inataka ipande au ijikaze mpaka mwisho wa mshororo wa tatu, na wa nne uwe ndio wa kurudi nyumbani. Tuni za kitabuni zenye umbo hilo ni chache mno, na hapo ndipo nakwambia: tunga, mwanangu.

Unaanzia wapi? Mwisho. Watu wengi hutunga kwa kuanza na noti ya kwanza ya neno la kwanza, na ndiyo maana wanakwama. Wewe anza na silabi ya saba na ya nane za mishororo yote minne. Andika noti nane tu, jozi nne, na kila jozi ishuke: ya saba juu, ya nane chini yake, kwa sababu ndivyo mdomo unavyofanya. Ukiipandisha ya nane, sikio litadhani mkazo umehamia huko, hata kama pigo liko mahali pake. Mimi ningeweka jozi hizi: *l s*, kisha *s m*, kisha *d' l* (*d'* ni *d* ya juu), kisha *m d*. Unaona ya tatu ndiyo kilele na ya nne ndiyo inayokaa.

Baada ya hapo rudi nyuma uzijaze silabi sita za mwanzo. Hapa sheria ni kinyume: usizipambe. Kwa kuwa mishororo inaanza kwa mikazo tofauti, mahali popote pale mwanzoni utakapoweka noti ndefu au mruko mkubwa, kuna ubeti utakaoumia. Ziache zitembee sawasawa, noti moja au karibu yake, kama mtu anayesoma utenzi barazani. Kitu kama hiki:

s s s s s s | l – s –
s s s s s m | s – m –
l l l l l s | d' – l –
s s s s m r | m – d –

Mapigo ni manne manne. Pigo la kwanza nyamaza, au apige mtu mmoja kofi au ngoma. Pigo la pili, la tatu na la nne imba silabi sita, mbili kila pigo. Pigo la kwanza linalofuata ndilo la silabi ya saba, ivute mapigo mawili, na ya nane nayo mapigo mawili. Sauti inaingia nyuma ya pigo, inakwenda haraka na nyepesi, halafu inatua pale inapostahili. *Usiku kucha si kitu* na *Tulitweka tanga letu* zinapita kwenye njia hiyohiyo bila ya mmoja kuumia. Si tuni ya kukufanya upate zawadi, ni mifupa. Nyama utaiweka wewe: gawanya silabi ya saba iwe noti mbili au tatu zinazoteleza, maana hiyo ina nafasi na inastahili pambo. Ya nane usiipambe.

Pambo hilo la silabi ya saba si geni kisiwani. Sikiliza waimbaji wa taarabu wanavyofanya na kina cha mwisho. Taarabu hapa iliimbwa kwa Kiarabu kabla ya Siti binti Saad na wenzake kuiingiza Kiswahili, na santuri zake zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928 zinakuonesha watu walioifanya kazi hii yako kabla yetu: sauti iliyotoka kwengine, inakunjwa ilifuate neno la Unguja. Kazi ya masikio ni hiyo. Sikushauri uende kuokota tuni ya kaswida nzima nzima uitie maneno ya kanisani. Tunaishi ukuta kwa ukuta, jirani ataisikia dirishani, ataijua, na hatapenda. Kuna njia za kukopa adabu ya kuimba bila ya kukopa mali.

Na ukitaka harufu ya maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, angalia kinanda chenu kwanza. Hijazi inawezekana kwenye kinanda chochote, ule mruko wake wa hatua moja na nusu upo. Rasti na Bayati zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili; udi na fidla zinazipata, kinanda cha kanisani hakizipati, na kwaya inayofuata kinanda itaishia kuimba kitu kingine kabisa. Kama unataka kwenda huko, tafuta mtu aliyesoma Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002 Mji Mkongwe, akae nawe na udi mkononi. Kwa tuni ya kwanza, mimi ningebaki na sauti tano hizi za *d r m s l*. Watu hushika upesi, na sauti ya pili inajitafutia njia yenyewe.

Kabla hujaiandika tuni yako kwa wino, iimbe beti zote 12. Zote. Ubeti wa kwanza hudanganya, kwa sababu ndio uliokuwa mbele yako ulipokuwa unatunga. Mtu anatunga tuni inayozama chini kabisa kwenye neno *kilindini*, kila mtu anasema aa, vizuri, halafu ubeti mwengine palepale pana *mbinguni*. Tuni ya kurudiwa haiwezi kuchora picha ya neno moja. Inaweza kubeba hali ya utenzi mzima, basi.

Katika kuzipitia, kamata penseli na uweke alama kwenye maneno haya: *mtu, nchi, mti, mto*. Herufi ile ya mwanzo ni silabi kamili, na ndiyo yenye mkazo. Mshororo ukiishia *kila mtu*, silabi yako ya saba, ile uliyoipa mapigo mawili na mapambo, ni *m*. Kwaya nzima itafunga midomo na kuguna. Hapo huna la kufanya kwenye tuni. Mrudie Mzee, kwa heshima, umwombe neno jingine, mshairi wa siku nyingi halimshindi. Mwanzoni mwa mshororo *Mtakatifu* au *Mkombozi* hazina taabu maadamu ile *m* umeipa noti fupi na ya chini. Usiirushe juu, haiimbiki.

Na mfano wa kinyume: Mzee ameandika *Ukatwambia*, hakuandika *Ukatuambia*. Amebana makusudi ili mizani ibaki 8. Utawakuta wanakwaya, hasa vijana wa skuli, wanalisahihisha neno kwa wema wao, na mshororo unakuwa wa tisa. Waambie waimbe kilichoandikwa.

Mwendo wa wimbo uamuliwe na jengo. Kanisa Kuu la Mkunazini lina dari iliyopinda kama pipa na sauti inakaa juu muda mrefu kabla ya kufa, kwa hiyo silabi sita za haraka zitapandana zisisikike. Huko punguza mwendo, au zifanye silabi zile ziwe pigo moja moja. Kwenu Mbweni kanisa ni dogo, unaweza kwenda kwa mwendo wa kusema.

Kuhusu sauti nne nina neno moja tu: zisubirishe. Fundisha sauti ya kwanza peke yake mpaka waumini wameishika, kisha ongeza sauti ya pili chini yake, na besi ikae kwenye *d* na *s* ikingoja. Beti 12 nazo ni nyingi kwa ibada moja. Mwombe Mzee achague sita zinazosimulia kisa bila ya kuacha pengo, au mgawane, mwimbaji mmoja kwa mishororo mitatu na kanisa zima liupokee wa nne. Vina vya Mzee vimeshautengeneza mpango huo, ile *-na* ni ya watu wote.

Mwisho wa kazi, ipe tuni jina lake mbali na jina la utenzi. Ni desturi ya watunga tuni, na ina faida: kesho mshairi mwengine akileta utenzi wa Kwaresima wenye mizani 8, tuni ileile itaubeba, na mtaiita kwa jina lake. Wengi huzipa majina ya mahali, na sioni ubaya wa kitabu kuwa na tuni iitwayo Mbweni. Juu ya karatasi andika 8.8.8.8, na pembeni yake uandike kwa maneno kwamba mkazo uko silabi ya saba, ili atakayeikuta asiijaze maneno yasiyo yake. Jina la Mzee liwe kwenye maneno, lako kwenye tuni, pamoja na mwaka. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na maneno na sauti ni mali mbili za watu wawili. Mwombe Mzee ruhusa kwa maandishi kabla hamjarekodi kitu, hata kama mnakaa benchi moja kila Jumapili.